Tairi linalogeuka vumbi: namna ya kupima mikroplastiki kando ya barabara

Tairi la gari dogo likitumika hadi kuwa kipara, huwa limeacha barabarani kilo moja hadi kilo moja na nusu ya mpira. Makadirio yanayotumika sana husema matairi manne ya gari dogo kwa pamoja hupoteza takriban miligramu 100 kwa kila kilomita, na lori hupoteza mara kadhaa ya hapo. Piga hesabu mwenyewe: barabara inayopitiwa na magari madogo 10,000 kwa siku hupokea karibu kilo moja ya mpira kwa kila kilomita, kila siku, mwaka mzima. Hapo hatujagusa rangi ya alama za barabarani, lami yenyewe, wala chupa na mifuko inayosagwa na magurudumu na mashine za kufyekea nyasi.

Mpira huo huhesabiwa pamoja na mikroplastiki, yaani vipande vya plastiki visivyozidi milimita 5, kwa sababu sehemu kubwa yake katika magari madogo ni polima za viwandani: mpira wa stairini-butadieni na mpira wa butadieni. Matairi ya malori hutumia zaidi mpira asilia, lakini nao umepikwa na salfa hadi hauozi kirahisi tena. Ndani ya mpira mna masizi ya kaboni au silika ya kuupa nguvu, mafuta, oksidi ya zinki ya takriban asilimia 1 hadi 2, na kemikali za kuzuia mpira usipasuke kwa hewa na jua.

Tatizo kubwa katika utafiti huu ni kwamba vifaa na mbinu nyingi za mikroplastiki zilibuniwa kwa ajili ya bahari na fukwe. Huko, plastiki inayotafutwa ni nyepesi, ina rangi, na huelea. Chembe ya tairi ni nyeusi, ni nzito, na huzama. Mtu akichukua utaratibu wa ufukweni na kuuhamishia kando ya barabara bila kuubadilisha, ataandika ripoti safi yenye takwimu nzuri, na atakuwa amekosa sehemu kubwa zaidi ya plastiki iliyokuwa mbele yake.

Chembe yenyewe ikoje

Tairi linapoburuzwa juu ya lami, hasa wakati wa kufunga breki, kuondoka kwa kasi au kukata kona, mpira hunyofoka na kujiviringisha pamoja na mchanga laini na madini ya barabara. Matokeo yake ni kitu kirefu kilichochongoka ncha, mfano wa punje ya mchele iliyogaragazwa kwenye mchanga. Kwa wastani, nusu ya uzito wake ni mpira wa tairi na nusu ni madini. Ndiyo maana msongamano wake haulingani na wa tairi: mpira wa tairi peke yake una takriban gramu 1.15 hadi 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali chembe iliyokwisha kubeba madini hufika karibu 1.8, na nyingine huzidi 2.

Kwa ukubwa, nyingi zinazobeba uzito huwa kati ya mikromita chache na mikromita 200 na kitu (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Lakini ukizihesabu kwa idadi, zilizo ndogo kuliko mikromita moja huzishinda zote. Hili si jambo la kupita haraka. Chembe moja ya mikromita 100 ina uzito wa chembe elfu moja za mikromita 10, na wa chembe milioni moja za mikromita 1. Mtafiti anayeripoti idadi na mwenzake anayeripoti uzito wanaweza kupima vumbi lilelile na kufikia hukumu mbili zinazopingana, wote wawili wakiwa sahihi. Amua mapema unataka kipi. Kama swali lako ni kiasi gani cha mpira kinaingia mtoni, pima uzito. Kama swali ni nini kinaingia mapafuni, uzito wa jumla hautakusaidia.

Kuchukua sampuli

Makosa mengi hufanyika hapa, na hakuna mashine ya maabara inayoweza kuyarekebisha baadaye.

Anza na vumbi la juu ya lami. Weka fremu ya chuma au ya mbao yenye eneo linalojulikana, tuseme mita 1 kwa nusu mita, kisha kusanya kila kilichomo ndani. Usichukue sehemu moja tu. Kwenye njia ya magurudumu vumbi huwa kidogo kwa sababu upepo wa magari hulipeperusha. Kando ya ukingo wa zege hujilimbikiza. Chukua njia ya magurudumu, katikati ya njia mbili za magurudumu, na ukingoni, kila moja katika chombo chake. Kuchanganya hizo tatu kwenye chombo kimoja kunafuta taarifa uliyoifuata.

Brashi ya nyuzi asilia na sinia la chuma vinatosha kwa chembe kubwa, lakini brashi hurusha vumbi laini hewani na kuacha lililojificha kwenye vinyweleo vya lami. Kivuta vumbi hufanya vizuri zaidi, ila mfuko wake wa nyuzi za plastiki ni chanzo cha uchafu; tumia chujio la kioo au la selulosi. Njia iliyo bora ni kusafisha kipande kidogo cha lami kwa maji yenye shinikizo kubwa na kuyakamata yote chupani. Taasisi ya utafiti wa barabara ya Sweden, VTI, ilitengeneza kifaa cha namna hiyo kinachopiga maji kwenye eneo dogo lililozibwa, kisha kusukuma maji na vumbi hadi kwenye chupa kwa hewa iliyobanwa. Hutoa hata vumbi la ndani ya mashimo ya lami. Kasoro yake ni kwamba eneo ni dogo, hivyo lazima urudie mara nyingi kwenye mstari unaokata barabara.

Andika siku zilizopita tangu mvua ya mwisho, na tarehe ya mwisho barabara ilipofagiliwa. Vumbi la juu ya lami ni akiba inayojazwa na magari na kuondolewa na mvua, upepo na ufagio. Bila taarifa hizo mbili, gramu kwa mita ya mraba hazisemi chochote. Andika pia idadi ya magari, sehemu ya malori, kasi inayoruhusiwa, na kama kuna kona, mwinuko, mzunguko au taa za kuongoza magari. Mpira huisha zaidi pale gari linapobadili mwendo au mwelekeo.

Kwa udongo, chora mstari unaotoka barabarani kwa pembe mraba: mita 1, 3, 5, 10, 20 na 50. Kiasi kikubwa kwa kawaida hukaa ndani ya mita chache za kwanza, kisha hushuka haraka, kwa hiyo vituo vibanane karibu na lami. Chimba sentimita 5 za juu kwa mwiko au bomba la chuma, kamwe si bomba la plastiki, na uchanganye vipande vitano vya umbali uleule kupata sampuli moja. Chukua vilevile sentimita 5 hadi 10 katika vituo viwili vya karibu. Na tafuta sehemu ya kulinganishia iliyo upande unakotoka upepo, mbali na barabara yoyote, yenye udongo wa aina ileile. Angalia kama mabega ya barabara yamewahi kukwanguliwa na greda: udongo uliosukumwa ukirundikwa mita 8 kutoka kwenye lami, utaona kilele cha ajabu hapo na kudhani ni kazi ya upepo.

Maji ya mvua ndiyo magumu kuliko yote. Dakika za mwanzo za mvua mara nyingi hubeba mzigo mzito, kisha maji husafika, kisha mvua ikiongeza nguvu mzigo hupanda tena. Chupa moja ya lita moja iliyochotwa wakati wowote haiwakilishi kitu. Chota mfululizo tangu maji yanapoanza kutiririka, kwa mfano kila baada ya dakika 5 katika nusu saa ya kwanza na kila baada ya dakika 15 baadaye, huku ukipima mtiririko. Zidisha kila kiwango kwa ujazo wa maji uliopita katika kipindi chake, jumlisha, kisha gawa kwa ujazo wote. Huo ndio wastani wa tukio zima.

Halafu kuna suala la kuzama. Kwa hesabu ya Stokes, yaani kanuni ya kasi ya chembe kuzama katika kimiminika, chembe ya duara yenye msongamano wa 1.8 na kipenyo cha mikromita 100 huzama karibu milimita 4 kwa sekunde katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi. Hivyo katika mtaro wenye maji ya polepole tayari iko chini, na mdomo wa bomba lako la kunyonyea uliowekwa juu hautaiona. Chota kina chote, au mahali ambapo maji yanaanguka na kuvurugika. Chembe ileile huzama chini ya chupa kabla hujafika maabara na kung'ang'ania kuta, hivyo maji ya chupa nzima yatumike, na chupa isuuzwe angalau mara tatu. Kumimina nusu na kuiita sampuli ni kutupa mpira na kupima maji.

Kusafisha na kutenganisha

Kausha udongo na vumbi kwa nyuzi 40, si zaidi. Chekecha kwa chekeche za chuma: milimita 5, milimita 1, mikromita 500, na ukiweza mikromita 125 na 63. Pima uzito wa kila tabaka kabla ya kugusa kemikali.

Kuondoa majani, mizizi na mboji hufanywa kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, mara nyingi pamoja na chumvi ya chuma inayoharakisha kazi. Mmenyuko huu hutoa joto lake wenyewe, na katika udongo wenye mboji nyingi hufurika kutoka kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara) ghafla. Tia kidogokidogo, weka bika kwenye maji ya barafu, na usiruhusu kupita nyuzi 40 hadi 50. Wapo wanaochemsha ili kumaliza mapema. Joto hilo linaweza kuharibu mpira na kuubandua kutoka kwenye madini yake, na asidi kali ni mbaya zaidi.

Sasa sehemu ambayo tafiti nyingi huanguka: kuelea, yaani kuitia sampuli kwenye kimiminika kizito ili plastiki ielee na mchanga uzame. Maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida yana msongamano wa 1.2. Chembe ya tairi ya 1.8 itakaa chini pamoja na mchanga, na wewe utachota kilichoelea, utakuta nyuzi na vipande vya mifuko, na utahitimisha kwamba barabara ina plastiki kidogo. Iodidi ya sodiamu hufika 1.8, bado ni mpakani. Kloridi ya zinki hufika 1.7 hivi, na ina balaa la pili: ukitaka baadaye kupima zinki kama kiashirio cha tairi, umeshaichafua sampuli kwa mikono yako mwenyewe. Rangi ya alama za barabarani nayo ina kujazio la madini na vishanga vya kioo vya kurudisha mwanga, hivyo huzama vilevile. Kinachofaa ni politangsteti ya sodiamu iliyorekebishwa hadi takriban 2.0 au 2.2, chini ya msongamano wa mchanga wa kwatzi ambao ni 2.65. Ni ghali, lakini huchujwa, hukaushwa na kutumika tena. Kama huipati, ushauri wangu ni kuacha kabisa hatua ya kuelea na kwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha kemikali cha tabaka zima. Sampuli chafu iliyopimwa yote ni bora kuliko sampuli safi iliyopoteza kinachotafutwa.

Kuitambua

Hadubini husaidia kwa chembe kubwa kuliko mikromita 100. Tafuta nyeusi, ndefu, yenye ncha zilizochongoka na uso uliojaa chembe za madini. Ibonye kwa kibanio chenye ncha kali: mpira hurudi katika umbo lake, mkaa husagika, lami huvunjika au kupakaa. Sindano ya moto huyeyusha lami. Mpira uliopikwa na salfa hauyeyuki. Chini ya ukubwa huo macho hukisia tu, na makisio hayo yasiingizwe kwenye jedwali kana kwamba ni vipimo.

Mwanga wa infraredi, ambao ndio tegemeo la watafiti wa bahari, hukwama hapa kwa sababu masizi ya kaboni huumeza karibu wote. Kipimo cha Raman, kinachosoma mwanga wa leza unaorudi kutoka kwenye chembe, nacho hurudisha alama za kaboni yenyewe, au leza huunguza chembe. Kwa rangi za barabarani na vipande vya chupa, infraredi bado ni nzuri. Kwa tairi, usiitegemee. Hadubini ya elektroni yenye kigunduzi cha elementi hufanya kazi nzuri ya uthibitisho: zinki na salfa ndani, silikoni, aluminiamu na kalsiamu juu. Tatizo ni muda, maana ni chembe mojamoja.

Kwa uzito wa jumla, njia iliyokubalika ni kuvunja sampuli kwa joto kali bila oksijeni, kisha kuzitenganisha gesi zake kwa kromatografia na kuzitambua kwa spektromita ya masi. Shirika la viwango la kimataifa (ISO) lilitoa taratibu mbili mwaka 2017: ISO/TS 20593 kwa hewa na ISO/TS 21396 kwa udongo na mashapo. Mpira wa butadieni na wa stairini-butadieni hutoa vinilisaiklohekseni. Mpira asilia hutoa dipenteni. Unaongeza kiasi kinachojulikana cha polima zilezile zilizotengenezwa kwa deuteriamu (hidrojeni nzito, ambayo mashine huitofautisha na ya kawaida) ili kurekebisha upotevu ndani ya mashine.

Sampuli inayoingia mashinini ni ya miligramu chache tu, ilhali ulikusanya kilo nzima. Chembe moja kubwa ikiingia au ikikosekana, jibu hubadilika maradufu. Igandishe sampuli kwa naitrojeni iliyo katika hali ya kimiminika, isage hadi iwe unga laini, na pima angalau mara tatu. Ipo njia ndugu iliyotengenezwa Ujerumani ambayo huchoma miligramu nyingi zaidi kwanza, hunasa gesi, kisha huzipima. Kwa udongo usio sawasawa ninaipendelea.

Kisha angalia wadanganyifu. Dipenteni hutoka pia kwenye mimea, hivyo kando ya barabara yenye miti mpira asilia huonekana mwingi kuliko ulivyo. Lami iliyoboreshwa kwa polima huwa na stairini-butadieni-stairini, na inapochomwa hutoa vinilisaiklohekseni sawa na tairi. Watafiti wa Norway wamelishughulikia hili kwa kutenganisha mchango wa lami na wa tairi katika hesabu. Kwa hiyo uliza wahandisi wa barabara ni lami gani ilimwagwa, na chukua kipande chake ukipime peke yake. Zinki nayo hutoka kwenye kingo za mabati, nguzo na mabati ya paa, usiitumie pekee.

La mwisho katika hesabu ni kizidishio. Utaratibu wa ISO hudhani kwamba mpira wa polima ni karibu nusu ya sehemu ya tairi inayogusa barabara, na kwamba sehemu hiyo ni nusu ya chembe nzima. Tairi halisi hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda. Ukiweza, nyofoa vipande kutoka kwenye matairi mengi yanayotumika katika eneo lako la utafiti, yapimwe, upate kizidishio chako.

Kujilinda na uchafu wako mwenyewe

Vaa koti la pamba. Vyombo vya kioo vichomwe kwa nyuzi 450 na kufunikwa kwa karatasi ya aluminiamu. Maji na kemikali zote zipite kwenye chujio la mikromita 1. Soli za viatu, glavu na mipira ya kuzibia chupa ni vyanzo vinavyosahaulika katika utafiti wa mpira. Peleka chupa tupu uwanjani, ifungue wakati sampuli zinachukuliwa, uirudishe na kuipima kama nyingine. Pia tia kiasi kinachojulikana cha unga wa tairi katika udongo safi, uupitishe hatua zote, uone asilimia ngapi inarudi. Ripoti isiyotaja asilimia hiyo siiamini, hata iwe na picha nzuri kiasi gani.

Kile ambacho hakionekani hata kwa hadubini

Kwa miaka mingi, samaki aina ya salmoni koho walikuwa wakifa katika vijito vya mijini karibu na Puget Sound, Marekani, saa chache baada ya mvua na kabla ya kutaga. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Washington walionyesha chanzo: 6PPD, kemikali inayowekwa kwenye matairi kuyakinga na ozoni, hugeuka kuwa 6PPD-kwinoni inapokutana na ozoni hiyohiyo. Kipimo kilichosahihishwa baadaye kilionyesha kwamba takriban nanogramu 95 kwa lita zinatosha kuua nusu ya samaki hao. Ni kiasi kidogo mno, na hakuna hesabu ya chembe ambayo ingekigundua.

Kwa hiyo maji yanayopelekwa kupimwa chembe yaambatane na chupa ya pili: kioo cha rangi ya kahawia, ijazwe mpaka juu bila nafasi ya hewa, ikae kwenye baridi na giza, isiguse mpira wala plastiki, kwa kuwa kemikali hii hung'ang'ania vitu hivyo.

Mabwawa na bustani za mvua

Utafiti wa ghuba ya San Francisco uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba maji ya mvua hubeba mikroplastiki mara 300 hivi kuliko maji taka yaliyosafishwa, na karibu nusu ya chembe zilizokutwa katika maji hayo ya mvua zilikuwa vipande vyeusi vya mpira. Bustani za mvua, yaani zilizotengenezwa kupokea na kuchuja maji hayo kwa tabaka za mchanga na udongo, hunasa sehemu kubwa. Mabwawa ya kutuliza maji hunasa pia, lakini turudi kwenye Stokes: katika maji ya kina cha mita 1, chembe ya mikromita 100 hufika chini kwa dakika 4 hivi, ya mikromita 10 huhitaji zaidi ya saa 6, na ya mikromita 1 huhitaji siku 26. Bwawa linalopitisha maji kwa saa mbili litaonekana limefaulu ukipima uzito, na limeshindwa ukipima idadi.

Ufanisi wa bwawa upimwe maji yanapoingia na yanapotoka, katika mvua ileile, kwa kila tabaka la ukubwa peke yake. Na tope lililo chini lisafishwe kabla halijajaa, kwa sababu mvua kubwa moja hulikoroga na kulisukuma lote mtoni. Tope hilo lina mpira, zinki na mafuta. Kulimwaga kwenye bega la barabara, jambo linalofanyika mara nyingi, ni kuurudisha mzigo uleule kwenye mtaro uliouleta.